Kila kipimo kina siku yake: jibu kwa dada wa Nkuhungu anayetafuta mtoto

"Shikamoo daktari. Nina miaka 32, naishi Nkuhungu, Dodoma. Huu ni mwaka wa tatu wa ndoa na sijawahi kushika mimba. Mzunguko wangu ni wa siku 34, hauyumbi sana, damu inatoka siku tano. Tumekuwa tukijitahidi siku ya 12 hadi ya 15 kama tulivyoelekezwa, pale mume anapokuwepo, maana ni dereva wa lori njia ya Singida na Mwanza. Mwezi uliopita, siku ya 19, nilipigwa ultrasaundi nikaambiwa nina uvimbe wa maji wa milimita 22 kwenye ovari ya kulia. Siku ya 21 nikapimwa damu: FSH 9, LH 24, projesteroni 1.8, prolaktini 31. Nikaambiwa homoni zimevurugika, mayai hayapevuki, ninunue Clomid na nikapige picha ya mirija ya uzazi. Mume ana mtoto wa miaka tisa aliyezaa kabla ya kunioa, kwa hiyo anasema yeye hana tatizo. Mama mkwe ameniletea dawa ya kusafisha kizazi. Nianzie wapi?"

Marahaba, dada. Kwanza pole kwa miaka mitatu ya kuhesabu siku. Clomid usinunue, na dawa ya mama mkwe iweke pembeni kwanza, nitairudia. Majibu yako nimeyasoma pamoja na siku ulizopimwa, na ukiyasoma hivyo yanaelekea kusema kinyume kabisa cha ulichoambiwa.

Anza na hesabu ya mzunguko. Yai halitoki siku ya 14 kwa kila mwanamke. Kipindi kinachobadilika ni kile cha mwanzo, tangu hedhi hadi yai kutoka. Kipindi cha baada ya yai kutoka hadi hedhi inayofuata huwa karibu siku 14, pengine 12 au 15. Kwa hiyo hesabu inarudi nyuma kutoka hedhi ijayo: 34 toa 14 ni 20. Yai lako linatoka karibu siku ya 20 au 21. Ile siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28.

Sasa turudi kwenye karatasi zako. Siku ya 19 ulionekana una kifuko cha maji cha milimita 22. Kila mwezi yai hukua ndani ya kifuko cha maji, na kifuko kikifika milimita 18 hadi 25 hivi ndipo hupasuka na yai kutoka. Siku ya 19 kwenye mzunguko wa siku 34, kifuko cha milimita 22 ndicho hasa mtu angetarajia kukiona. Siku mbili baadaye LH ikasoma 24. LH hupanda ghafla siku moja au mbili kabla ya yai kutoka, ndiyo inayoliamrisha litoke. Na projesteroni ilikuwa chini kwa sababu hutengenezwa na kile kifuko baada ya kupasuka. Kabla ya hapo haina mahali pa kutoka. Kwa lugha nyingine, huenda ulipimwa katikati ya upevushaji wenyewe, ukaambiwa hupevushi.

Nasema huenda, kwa sababu mzunguko mmoja hautoshi kukata shauri, lakini kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Rudia ultrasaundi siku ya 3 hadi ya 5 ya hedhi ijayo. Kama kile kifuko kimetoweka, kilikuwa cha yai na hakukuwa na uvimbe. Kama kipo vilevile au kimekua, hapo ndipo kinastahili kufuatiliwa. Halafu projesteroni ipimwe siku yake, yaani siku saba kabla ya hedhi unayotarajia. Kwako ni siku ya 27. Watu wengi huandikiwa "projesteroni ya siku ya 21" kama jina la kipimo, na mwenye mzunguko mrefu akienda siku hiyo atapata jibu la chini hata kama ni mzima. Siku ya 27 ikisoma zaidi ya 3 kwa kipimo cha ng/ml, yai limetoka. Angalia pia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba: maabara nyingine hutumia nmol/l, na hapo 3 inakuwa karibu 10. Namba bila kipimo chake haisomeki.

FSH (homoni inayokuza mayai) na LH za kupima akiba ya mayai na mpangilio wa homoni huchukuliwa siku ya 2 hadi ya 4, pamoja na estrojeni. TSH ya tezi ya shingo inaweza kuchukuliwa siku yoyote, basi iunganishe hapohapo usichomwe sindano mara mbili. Prolaktini, homoni ya maziwa, ya 31 imepanda kidogo tu, na prolaktini hupanda kwa mambo mengi madogo: kukimbilia foleni, kukosa usingizi, kuguswa matiti usiku uliopita, dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi. Rudia asubuhi, saa tatu au nne, baada ya kukaa umetulia nusu saa. Usianze dawa ya kuishusha kwa jibu moja la namna hii.

Nakuja kwa shemeji, yaani mumeo, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndipo miaka mingi inapopotea. Katika karibu nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una mchango, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Mtoto wa miaka tisa ni ushahidi kwamba miaka kumi iliyopita mbegu zilikuwa na uwezo. Wa leo hauonyeshi. Katikati hapo mtu anaweza kupata maambukizi ya zinaa yaliyoziba njia, mishipa ya korodani ikavimba na kuzipa joto, akaumwa matubwitubwi ukubwani, au akatumia sindano na vidonge vya kuongeza misuli vyenye testosteroni. Hivi vya mwisho vinadanganya sana: mtu anajisikia dume kamili huku korodani zimeacha kutengeneza mbegu, kwa sababu ubongo ukiona testosteroni ya kutosha kwenye damu hukata amri. Udereva wa safari ndefu nao, kukaa saa kumi kwenye kiti cha moto, ni jambo la kumwambia daktari, ingawa peke yake si hukumu.

Kipimo chake, cha manii, ni rahisi kuliko vyako vyote: hakichomi, hakina mionzi, kinakwisha siku moja. Lakini kina masharti, na yakivunjwa jibu linakuwa takataka. Akae bila kumwaga manii siku mbili hadi saba. Pungufu ya mbili idadi inashuka, zaidi ya saba mbegu zinachoka na kufa. Apokee kikopo kutoka maabara yenyewe, chenye mdomo mpana. Anawe mikono na uume kwa maji, akaushe, bila mafuta, bila mate, bila sabuni kubaki. Kondomu za kawaida zinaua mbegu, zisitumike. Kama dini au haya inamzuia kutoa kwa mkono, aulize maabara kabla: zipo kondomu maalumu zisizo na dawa. Kuchomoa katikati ya tendo hakufai, kwa kuwa matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi na ndiyo yanayopotea. Hata kwa mkono, kama sehemu ya kwanza imemwagika nje, aseme ukweli na kipimo kirudiwe siku nyingine.

Vizuri zaidi atoe palepale hospitali, kwenye chumba walichokitenga. Kama atatoa nyumbani, manii yafike maabara ndani ya dakika 30, zisizidi 60. Kutoka Nkuhungu inawezekana, kutoka Kongwa au Bahi haiwezekani. Kikopo kikae mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili. Kikiwekwa juu ya dashibodi kwenye jua la Dodoma la saa saba, mbegu zinafika zimekufa na jibu linasema "hazitembei". Kwenye friji ni vilevile. Na kama katika miezi mitatu iliyopita aliumwa malaria yenye homa kali, asubiri au amweleze daktari, kwa kuwa mbegu inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na homa ya Machi huonekana kwenye jibu la Mei.

Jibu lililopimwa vizuri lina saa ya kutoa na saa ya kupima, siku alizokaa bila kumwaga, ujazo, idadi kwa mililita, asilimia inayotembea na asilimia yenye umbo zuri. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, zenye umbo la kawaida asilimia 4. Ndiyo, 4 tu. Mwanaume akisoma kwamba asilimia 96 ya mbegu zake zina kasoro anaweza kuzimia, kumbe yuko sawa. Karatasi iliyoandikwa "dhaifu" na "pus cells nyingi" bila namba, irudishe. Chembe za duara zinazoitwa usaha mara nyingi ni mbegu changa ambazo hazijakomaa, na bila kupakwa rangi maalumu haziwezi kutofautishwa. Kuna wanaume wamekunywa dozi nne za antibayotiki kwa sababu ya neno hilo moja.

Jibu likiwa baya, lirudiwe baada ya miezi mitatu kabla ya mtu yeyote kulia. Likiwa chini ya milioni 5 au sifuri mara zote mbili, aende kwa daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume, apimwe korodani na homoni. Hata sifuri ina aina mbili. Kuna wasiotengeneza kabisa, na kuna wanaotengeneza ila njia imeziba, ambao mbegu zao zinaweza kutolewa kwa sindano moja kwa moja kwenye korodani.

Jinsi ya kumwambia? Usimwambie "nenda kapimwe". Mwambie daktari ameandika vipimo vya watu wawili na hawezi kusoma vyako bila vyake, jambo ambalo ni kweli. Mwonyeshe kwamba anayefuata kwenye foleni ni wewe, kwa kipimo kinachouma, na chake kinaweza kukuepusha nacho.

Kipimo chenyewe ni hiki cha picha ya mirija. Ni kizuri na utakihitaji pengine, ila mpangilio wake ni baada ya manii kupimwa. Ikiwa shemeji hana mbegu kabisa, picha ya mirija mwezi huu haibadilishi chochote. Siku yake ni baada ya damu kukauka na kabla ya yai kutoka: kwako siku ya 7 hadi ya 12. Tangu hedhi ianze hadi siku hiyo msikutane, ili dawa na mionzi isikute mimba changa. Meza ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla, baada ya kula, kama huna vidonda vya tumbo. Waambie kama una mzio wa ayodini, kama una uchafu wenye harufu ukeni, au kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu, kwa sababu TB huweza kushuka hadi kwenye mirija na kuiharibu kimyakimya.

Utalala kama unayechunguzwa mlango wa kizazi. Mrija mwembamba unaingizwa, dawa inasukumwa taratibu, picha za eksirei zinapigwa huku dawa ikijaza kizazi na kumwagikia tumboni kupitia mirija. Maumivu ni kama ya hedhi kali, dakika chache. Mwombe anayesukuma asukume polepole. Hilo si kudeka: dawa ikisukumwa kwa nguvu, misuli ya pembe za kizazi hukaza na kufunga mlango wa mirija, na jibu linaandikwa "imeziba pande zote mbili" wakati iko wazi. Kwa hiyo kama umeandikiwa imeziba mwanzoni, pale inapoungana na kizazi, usikubali kuwa ndio mwisho. Irudiwe, au uchunguzwe kwa kamera ya tumboni. Kuziba mwishoni, mrija ukiwa umevimba na kujaa maji, ni habari nyingine: hapo hakuna kinywaji kinachozibua, na hata kwenye kupandikiza mtoto (mimba inayotungwa maabara) maji hayo hupunguza uwezekano, ndiyo maana mrija huo huondolewa au kufungwa kwanza. Baada ya picha, matone ya damu siku moja au mbili ni kawaida. Homa, maumivu yanayoongezeka au uchafu wenye harufu, rudi siku hiyohiyo. Chukua filamu zako ukae nazo. Maandishi peke yake hayatoshi kwa daktari mwingine.

Clomid, yaani klomifeni, huchochea mayai kwa asiyepevusha. Wewe huenda unapevusha. Kwa mwenye kupevusha inaweza kukausha ute wa uzazi na kufanya ukuta wa kizazi kuwa mwembamba, na kwa wote huongeza uwezekano wa mapacha. Inauzwa kaunta kama panadoli, na hilo linanisikitisha. Ikithibitika hupevushi, daktari ataandika, na siku hizi kwa wenye ovari zenye vifuko vingi letrozoli ndiyo ya kwanza, kwa ufuatiliaji wa ultrasaundi.

Dawa ya mama mkwe. Kizazi hakina uchafu unaohitaji kusafishwa. Hedhi ndiyo usafi wake. Dawa za kuweka ukeni huunguza na kuua bakteria walinzi, na mfukizo wa maji ya moto umewaunguza wengi. Lakini mama amekuletea kwa upendo, usimrudishie usoni. Aambiwe, "Mama, tunashukuru. Daktari amemzuia mke wangu kutumia kitu chochote hadi vipimo viishe." Na aseme hayo mume, siyo wewe. Neno la mwanawe litamfika bila kugeuka ugomvi wa mkwe na mkaza mwana.

Huku mkisubiri, sahihisheni siku. Mbegu zinaishi ndani ya mwanamke hadi siku tano, yai linaishi saa 12 hadi 24. Siku zako ni ya 15 hadi ya 21, na mlikuwa mnamaliza ya 15, mara nyingine lori likiwa Manyoni. Inawezekana kabisa kwamba katika miaka mitatu mmelenga mwezi mmoja mmoja tu. Mkutane kila baada ya siku moja au mbili katika wiki hiyo, na ute ukiwa wa kuvutika kama ute wa yai bichi, usikose siku hiyo. Bila mafuta wala mate. Shemeji apange safari kwa kalenda yako mizunguko mitatu tu, kisha muone. Anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, na nyote mpime VVU, kaswende na homa ya ini ya B. Selimundu pia, kama hamjui hali zenu.

Vipimo hivi vingi vinapatikana hapahapa Dodoma; anzia kliniki ya wanawake ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na daktari akiona haja atakupeleka Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kwa kila kipimo uliza kwanza dirishani kama bima yako inalipa, kabla ya kutoa damu. Kama mambo yatafika kwenye kupandikiza, wengi huenda Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024 safari hiyo imepungua uchovu.

Kuna na moyo wako. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumu wa kupata mtoto katika maisha yake, lakini kwenye sherehe ya arobaini ya mtoto wa mdogo wako utajiona uko peke yako duniani. Una ruhusa ya kutuma zawadi na kutokwenda. Kubalianeni jibu moja la "mbona kimya?", wote wawili mlitumie neno kwa neno: "Tunafuatilia, tukiwa na habari mtasikia." Siku hedhi inapokuja msizungumzie vipimo, subirini kesho yake. Na wiki zote nje ya siku zile saba, msihesabu chochote, mkutane kwa sababu mnapendana. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli, au unawaza afadhali usingekuwepo, nenda hospitali siku hiyo uombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Najua sisi Dodoma tukisikia hospitali ya akili ya Mirembe tunawaza kuokota makopo, lakini wataalamu hao wanawatibu watu wenye huzuni kama hii kila siku.

Nunua kauntabuku. Siku ya 1 ni siku damu inapotoka yenyewe, matone ya kahawia ya jana yake hayahesabiwi. Ukurasa wa kwanza andika: siku ya 2 hadi 4 damu asubuhi, siku ya 3 hadi 5 ultrasaundi, wiki hiyohiyo kipimo cha shemeji akiwa nyumbani, siku ya 7 hadi 12 mirija endapo majibu yake ni mazuri, 15 hadi 21 ni zenu, 27 projesteroni. Siku ya 27 ikiangukia Jumapili nenda ya 26 au ya 28. Kisha hedhi ikija, andika tarehe yake juu ya karatasi ya projesteroni kwa kalamu nyekundu: kama imekuja kati ya siku tano na tisa baada ya kupimwa, jibu linasomeka. Kama imechelewa, usirudie damu. Pima mimba.